Sodiamu haitaki jasho: namna metali zinazowaka kwa maji zinavyosafirishwa, kufunguliwa na kuzimwa

Koltani, madini yenye metali za tantalamu na niobiamu, inayochimbwa Rubaya, Kivu Kaskazini nchini Kongo, haigeuki kapasita ya simu kwa kuyeyushwa tanuruni tu. Kwanza tantalamu hutenganishwa na niobiamu kwa asidi, ikawa chumvi nyeupe iliyoshikana na potasiamu na floridi. Kisha chumvi hiyo hukutanishwa na sodiamu ya moto. Sodiamu inanyang'anya floridi, na tantalamu inabaki peke yake ikiwa unga wa kijivu. Hesabu yake ni atomu 5 za sodiamu kwa kila atomu 1 ya tantalamu. Kwa mizani, kilo 1 ya tantalamu hula sodiamu isiyopungua gramu 635.

Kwa hiyo kati ya machimbo na simu kuna pipa ambalo hakuna anayelitaja. Sodiamu hiyohiyo hutumika kutengeneza indigo ya kutia rangi jinzi, kichocheo cha kugeuza mafuta ya mimea kuwa dizeli, na kemikali kadhaa za viwanda vya dawa. Anayesikia habari zake kwa mara ya kwanza hufikiria mlipuko. Anayeishika kila siku hufikiria mambo madogo zaidi: kifuniko kilichotoa jasho, glavu yenye unyevu, mfereji wa kiyoyozi unaodondoka, mfuko wa magadi uliofunguliwa wiki tatu zilizopita. Biashara nzima ya metali hizi, kutoka kiwandani hadi kwenye chombo cha mtumiaji, ni kazi ya kuzuia maji yasifike. Na panapotokea maafa bila maji, mara nyingi mhusika amechukua kanuni ya metali moja akaitumia kwa nyingine, au ameamini kimiminika ambacho hakukielewa.

Maji yanafanya nini hasa

Atomu ya sodiamu ina elektroni 1 ya nje ambayo huiachia kwa urahisi mno. Maji yakiipokea, hidrojeni inatoka na nyuma inabaki haidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki, ileile ya watengeneza sabuni. Kilo 1 ya sodiamu ikimalizwa na maji hutoa kostiki kilo 1.74, hidrojeni lita 530 hivi kwa joto la kawaida la chumba, na megajuli 8 za joto. Joto hilo linachemsha ndoo ya maji ya lita 20 na bado likabaki. Sodiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 98, chini ya kiwango cha maji kuchemka, ndiyo maana kipande kikitupwa majini hujiviringa kuwa tone linalokimbiakimbia juu ya maji. Hidrojeni nayo huwaka hewani ikiwa kati ya asilimia 4 na 75, na joto la kuiwasha liko palepale.

Zamani ilidhaniwa mshindo wote ni wa hidrojeni. Mwaka 2015 watafiti, akiwemo Pavel Jungwirth wa Prague, walipiga picha za kasi kubwa matone ya mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu yakigusa maji. Kabla hata ya milisekunde 1 kwisha, tone lilichomoza miiba pande zote. Elektroni hukimbilia majini kwa kasi kiasi kwamba atomu zinazobaki, zote zikiwa na chaji chanya, zinasukumana zenyewe kwa zenyewe na kuipasua metali. Miiba hiyo inafunua uso mpya, maji yanapata mahali pengi pa kushambulia, na kasi inazidi. Kwa mtu wa kazi maana yake ni kwamba kufungua madirisha hakutoshi. Hata pale ambapo hidrojeni haiwezi kujikusanya, metali yenyewe inaweza kuruka vipandevipande.

Maji si lazima yawe ya bomba. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni hali ya kawaida Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, hubeba gramu 24 hivi za mvuke kwa kila mita 1 ya ujazo. Mvuke huo peke yake unaweza kula gramu 30 za sodiamu. Haulipuki, unatafuna polepole. Lakini kostiki inayojitokeza juu ya metali hunyonya unyevu zaidi, inalowa, inatiririka, na sasa una utando wa maji ya kostiki uliokaa juu ya metali safi. Pipa lililoachwa wazi "dakika chache tu" huanza hivyo.

Inakotoka na inavyosafiri

Humphry Davy aliitenga potasiamu na baadaye sodiamu mwaka 1807, lakini kiwandani njia iliyotawala ni ya chombo cha Downs, kilichopata hataza mwaka 1924. Chumvi ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 801. Ikichanganywa na kloridi ya kalisi, na mara nyingi ya bari pia, mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 600 hivi, kisha umeme unapitishwa. Klorini hutoka upande mmoja, sodiamu ya maji, yaani iliyoyeyuka, upande mwingine. Kila kilo hula umeme wa takriban kilowati-saa 10, kwa hiyo viwanda vyake vilijengwa kando ya mabwawa na maporomoko: Pomblière kwenye milima ya Savoie nchini Ufaransa, na Niagara Falls nchini Marekani, ambako uzalishaji ulifungwa mwaka 2016. Wazalishaji wakubwa ni wachache, na mmoja akifunga, mnunuzi aliyezoea kuagiza mwezi kwa mwezi hujikuta hana mahali pa kukimbilia. Anayehitaji metali hii kwa mkataba mrefu apime ghala lake kabla ya kupima bei.

Sodiamu inayotoka kwenye chombo hicho ina kalisi ya karibu asilimia 1. Inapoozwa hadi nyuzi 110 hivi, bado ikiwa ya maji, kalisi nyingi inajitenga na kuchujwa, ikabaki chini ya asilimia 0.04. Ukiona cheti cha ubora, kipimo cha kalisi ndicho cha kutazama kwanza. Kalisi ikizidi, mashapo yake hukaa kwenye vali na vichujio, na mtumiaji ataanza kulaumu pampu.

Kwa mteja mdogo sodiamu huja ikiwa vipande, kama mche wa sabuni, ndani ya mfuko uliofungwa, ndani ya pipa la chuma lililojazwa nitrojeni kavu. Kwa mteja mkubwa huja kwenye tangi la kontena. Kiwandani humiminwa ikiwa ya maji, inaachwa igande juu yake kukiwa na nitrojeni, na inasafiri ikiwa donge moja la metali. Ikifika, mafuta ya moto hupitishwa kwenye mabomba yaliyozunguka tangi, inayeyuka tena na kusukumwa kwa shinikizo la nitrojeni.

Kwenye kuyeyusha huko ndiko mgeni anakoharibu. Sodiamu ikiyeyuka hutanuka kwa zaidi ya asilimia 2.5. Joto likianza chini au katikati, ile iliyoyeyuka inatafuta pa kwenda na juu imefungwa na kifuniko cha metali ngumu. Ndani ya bomba ni vibaya zaidi. Fundi anaona sodiamu imeganda katikati ya bomba, anafunga mkanda wa joto palepale ilipoganda, bomba linapasuka na sodiamu ya nyuzi mia na kitu inammwagikia. Joto huanzia kwenye uso ulio huru, yaani upande wenye nafasi ya gesi, likasogezwa hatua kwa hatua kuelekea ndani. Bomba la sodiamu likiwa halina mkanda wa joto wenye sehemu zinazojitegemea, halikukamilika.

Kwenye karatasi za usafirishaji, sodiamu ni UN 1428, ambayo ni namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari; daraja 4.3, la vitu vinavyotoa gesi ya kuwaka vikigusa maji; na kundi la ufungashaji I, la hatari kubwa kabisa. Alama yake ni mraba wa buluu uliosimama kwenye kona, wenye mwali wa moto. Potasiamu ni UN 2257, lithiamu UN 1415. Hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria. Kwa Tanzania, kemikali za viwandani husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kibali cha kuingiza hutafutwa kabla meli haijaondoka huko itokako. Kontena la daraja 4.3 likikwama bandarini kwa ajili ya karatasi, linakaa juani mchana na kwenye umande usiku, likipumua hewa ya bahari kupitia kila gasketi iliyolegea.

Potasiamu na lithiamu si ndugu wapole

Kwenye jedwali zinakaa safu moja na sodiamu, na mhifadhi wa ghala huziweka rafu moja. Hapo ndipo pa kusimama.

Sodiamu ikichakaa hufanya ukoko mweupe. Ukoko huo ni kostiki na kaboneti, unachubua ngozi lakini haulipuki. Potasiamu ikichakaa, hata chini ya mafuta, hufanya ukoko wa njano au rangi ya chungwa. Huo ni supaoksidi, umebeba oksijeni nyingi kuliko inavyostahili. Kisu kikiukandamiza ukoko huo hadi kwenye metali safi iliyopakwa mafuta, umeweka kiunguzi (kitu kinachotoa oksijeni ya kuunguza), metali na mafuta mahali pamoja na ukavisugua. Watu wamepoteza macho kwa kukata potasiamu kuukuu kama walivyozoea kukata sodiamu. Potasiamu yenye unjano haikatwi, haikwanguliwi, haihamishiwi chupa nyingine. Inaachwa ilivyo na kuitwa mtaalamu wa kuiharibu.

Mchanganyiko wa hizo mbili, wenye potasiamu ya asilimia 78 hivi, ni wa maji hata ndani ya friji ya kawaida, kwani haugandi mpaka nyuzi 12.6 chini ya sifuri. Hupendwa kwa kupozea mitambo kwa sababu hauhitaji kuyeyushwa. Kwa sababu hiyohiyo, ukivuja unapita kwenye upenyo mdogo kama maji, na supaoksidi yake huelea juu ikingoja kutikiswa.

Lithiamu ina shida nyingine. Ni nyepesi mno, gramu 0.53 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo kwenye mafuta ya taa inaelea, na sehemu iliyochomoza inaendelea kula hewa huku mwenye chupa akidhani ameihifadhi. Zaidi ya hapo, nitrojeni inayoilinda sodiamu haiilindi lithiamu. Hata kwenye joto la chumba, hasa pakiwa na chembe ya unyevu, lithiamu hushikana na nitrojeni ikawa nitridi nyeusi. Gesi ya kuifungia ni argoni. Kiwanda kilichobadilisha kazi kutoka sodiamu kwenda lithiamu bila kubadilisha mitungi ya gesi kitashangaa kuona metali yake imegeuka mkaa.

Hapa kuna mkanganyiko wa kawaida. Mawe yenye lithiamu kama yale ya Manono, nchini Kongo, hayawaki kwa maji. Lithiamu iliyomo imeshafungwa na silika. Betri ya simu nayo hubeba misombo ya lithiamu, si donge la metali, na ikiwaka maji mengi ya kuipoza ni sahihi. Masharti ya makala hii ni ya metali tupu.

Siku ya kufungua pipa

Pipa likitoka kwenye ghala baridi kuingia chumba chenye joto na unyevu, hutoa jasho kama chupa ya soda. Liache lifikie joto la chumba, hata kama ni kesho yake, lifute kwa kitambaa kikavu, ndipo ulifungue. Kabla ya hapo litazame. Kifuniko kilichovimba kina maana moja: maji yaliingia na hidrojeni imo ndani. Usiligonge, usiligeuze, usilete grinda. Liachwe mahali penye hewa, mbali na kila cheche, na mwenye ujuzi alilegeze kidogokidogo akiwa amesimama upande.

Chumba chenyewe kisiwe na bomba la maji darini, wala mfumo wa kunyunyizia maji moto ukitokea, wala kiyoyozi kinachodondoka. Paa lisivuje hata tone. Chini ya meza na chini ya kila mahali sodiamu ya moto inapopita kuna sinia la chuma lenye kingo, si zege tupu. Zege linaonekana kavu lakini lina maji ndani yake; sodiamu ya moto ikimwagika juu huyavuta, mvuke na hidrojeni vinapasua uso wa sakafu, na vipande vya zege vinaruka vikiwa vimepakwa sodiamu.

Mavazi: pamba nene iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, kamwe si poliesta, kwa sababu inayeyuka ikashikana na ngozi. Miwani ya kuziba pande zote, juu yake ngao ya uso. Glavu kavu na pana, zinazovulika kwa kukung'uta mkono mara moja. Zinabadilishwa kila zikilowa jasho. Baada ya dakika 20 za kazi kwenye joto letu, sehemu ya kiganja imeshalowa. Kipande hushikwa kwa koleo. Kisu kiwe kikavu na kipana, na ukataji uwe wa kukandamiza taratibu. Sodiamu mpya hukatika kama mche wa sabuni uliokaa siku mbili, uso wake unang'aa kama kioo, na kabla hujamaliza kupima kwenye mizani umeshafifia.

Chembe ikiruka kwenye ngozi, iondoe kwanza kwa koleo au kitambaa kikavu, kisha mwaga maji mengi bila ubahili na endelea. Maji machache ndiyo mabaya, kwa sababu yanawasha bila kupoza. Jichoni hakuna kusubiri: maji mengi palepale.

Maafa mawili ya kimiminika

Tarehe 19 Desemba 2007, huko Jacksonville, Florida, chombo cha lita 9,500 hivi kililipuka kwenye kiwanda cha T2 Laboratories. Watu 4 walikufa na 32 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa kwenye biashara za jirani. Hapakuwa na maji yaliyoigusa sodiamu. Hatua ya kwanza ya kazi ilikuwa kuchanganya vipande vya sodiamu na kemikali ya hidrokaboni ndani ya kiyeyushi kiitwacho diglaimu, kupasha mpaka sodiamu iyeyuke, kuzima joto kwenye nyuzi 149, na kuanza kupoza kwenye nyuzi 182. Kundi hilo lilikuwa la 175. Makundi mengi yaliyotangulia yalienda salama, na hilo ndilo lililowapumbaza.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilieleza kilichotokea. Upoozaji ulitegemea maji ya njia moja, bila akiba. Siku hiyo ulishindwa. Joto likapita nyuzi 199, na hapo ukaanza mmenyuko wa pili ambao wenye kiwanda hawakuutambua: sodiamu ilianza kushambulia kiyeyushi chenyewe. Kati ya simu ya kuwaita wamiliki na mlipuko zilipita dakika kama 10. Diski ya kupasukia shinikizo ilikuwa imewekwa kwenye bar 28 hivi. Bodi iliona kwamba kama ingewekwa kwenye bar 5, huenda chombo kingepumua mapema, kabla mmenyuko wa pili haujashika.

Miaka 13 nyuma, tarehe 31 Machi 1994, huko Cadarache kusini mwa Ufaransa, kazi ilikuwa ya kinyume: kusafisha. Mtambo wa nyuklia wa Rapsodie, uliopozwa kwa sodiamu, ulikuwa unabomolewa, na tangi moja lilikuwa na mabaki ya sodiamu ya kilo 100 hivi. Yalikuwa yakiharibiwa kwa alkoholi nzito iitwayo ethilikabitoli, iliyochaguliwa kwa sababu humenyuka polepole kuliko maji. Tangi lilipasuka, mtu 1 akafa na 4 wakajeruhiwa.

Visa hivi viwili husimuliwa mbalimbali, kimoja cha kemia, kingine cha nyuklia. Lakini diglaimu na ethilikabitoli ni wa ukoo mmoja, etha za glaikoli, na pote pawili kimiminika kilidhaniwa kuwa mpokeaji mtulivu. "Polepole" kwenye chupa ya maabara ni habari ya gramu 5 zenye uso mwingi wa kupoa. Tangi lenye kilo 100 halipoi hivyo. Joto linabaki ndani, kimiminika kinaanza kuvunjika, gesi inazidi tundu la kutokea. Swali la kumuuliza anayekuletea kiyeyushi cha kutumia na sodiamu si kama kinamenyuka kwenye nyuzi 25. Muulize kinaanza kuvunjika kwenye nyuzi ngapi kikiwa pamoja na sodiamu, na nani amekipima.

Moto wake, na magadi yapi

Sodiamu inayowaka haina miali mirefu. Ni miali mifupi ya njano inayotambaa juu ya dimbwi, na moshi mweupe mzito unaojaza chumba. Tarehe 8 Desemba 1995, mtambo wa Monju nchini Japani ulivuja sodiamu ya kilo 640 hivi baada ya ala ya kupimia joto kuvunjika kwa mtetemo wa mkondo. Moshi ulijaa kiasi kwamba kilichokuwa kinaungua hakikuonekana. Moshi huo ukiingia kifuani unakuwa kostiki, kwa hiyo anayeingia kuzima lazima awe na mtungi wa hewa mgongoni.

Orodha ya visivyofaa ni ndefu kuliko ya vinavyofaa. Maji na povu, wazi. Kabonidioksidi haizimi; metali hizi zinaipokonya oksijeni na kuendelea. Viyeyushi vyenye klorini hulipuka na sodiamu. Mtungi mwekundu wa poda wa ofisini umejaa fosfeti ya amonia au baikaboneti, ambazo zikipata moto huachia maji, amonia au kabonidioksidi, na upepo wa mtungi unatawanya metali iliyoyeyuka. Mchanga wa kifusi una unyevu, na kwa lithiamu hata mchanga mkavu haufai kwani lithiamu ya moto inaivunja silika.

Kinachofaa kwa sodiamu na potasiamu ni chumvi kavu kabisa, poda maalumu ya moto wa metali yenye msingi wa chumvi, au magadi yaliyochomwa, yaani kaboneti ya sodiamu kavu. Hapa Afrika Mashariki tuna bahati na mtego kwa wakati mmoja. Ziwa Magadi nchini Kenya limechimbwa kibiashara tangu 1911, na bidhaa yake iliyochomwa ndiyo hasa inayotakiwa. Lakini magadi mabichi ya sokoni, yale mapande ya kijivu ya kulainishia maharage, ni trona, na trona ina maji ndani ya fuwele zake. Kilo 1 ikipata moto hutoa maji ya gramu 200 hivi na kabonidioksidi ya karibu gramu 100. Ukiyamwaga juu ya sodiamu inayowaka, umemwaga glasi ya maji huku ukiamini umemwaga unga.

Hata yale yaliyochomwa hunyonya unyevu mfuko ukifunguliwa. Yakaushwe kwenye tanuri la nyuzi 200 hivi, yapoe ndani ya chombo kilichofungwa, yawekwe kwenye ndoo zenye mfuniko unaokaza, na tarehe iandikwe juu. Ndoo zikae upande wa mlango, usilazimike kuuvuka moto kuzifikia. Tumia beleshi la mpini mrefu. Usirushe kutoka juu, maana metali ya maji inaruka. Laza unga kuanzia ukingo wa karibu, usogee mbele mpaka moshi ukome, kisha ongeza. Halafu ondoka. Chini ya ukoko metali bado ni ya maji kwa saa nyingi, na anayekuja kuchokonoa aone kama moto umekufa ndiye anayeuwasha upya.

Kwa lithiamu, weka kando magadi na chumvi ya kawaida, kwa sababu lithiamu ya moto huitoa sodiamu kwenye chumvi na sasa una metali mbili zinazowaka. Yake ni unga wa grafiti au wa shaba nyekundu.

Mabaki, na kile kichupa cha shule

Mitambo mikubwa husafishwa kwa nitrojeni iliyotiwa mvuke wa maji kwa kipimo kidogo, bila oksijeni ndani, huku hidrojeni inayotoka ikipimwa muda wote. Kazi hiyo ni ya watu wake.

Wengi wetu tutakutana na sodiamu kwenye kichupa kwenye kabati la maabara ya sekondari, ndani ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hukauka. Mwalimu wa zamu atazame kila mwanzo wa muhula kama yamefunika vipande, na ayaongeze. Ukoko mweupe si wa kutisha. Chupa ikiwa na lebo iliyofutika na ukoko wa njano, ihesabiwe kuwa potasiamu na isifunguliwe. Kwa onyesho darasani, kipande kisizidi milimita 4 kila upande, uzito wake ukiwa gramu 0.06 hivi. Weka kioo cha kujikinga kati ya beseni na wanafunzi, na usifunike beseni.

Vipande vidogo vya sodiamu visivyohitajika, jumla isizidi gramu chache, huharibiwa nje au chini ya feni ya kuvutia hewa, pasipo moto wowote karibu. Vikaushwe mafuta kwa karatasi, vikatwe vidogo, vitiwe kimoja kimoja kwenye isopropanoli nyingi iliyo kavu kadiri inavyopatikana, kwenye chombo kipana kilichokaa ndani ya sinia la chuma. Kila gramu itatoa hidrojeni ya nusu lita, kwa hiyo chombo hakizibwi. Mapovu yakikoma usifikiri kazi imekwisha. Kipande mara nyingi hujifunika utando mweupe na kunyamaza, ndani kikiwa kizima. Koroga kwa kijiti cha kioo, ngoja, koroga tena, mwanga ukipita chini ya chombo uone kama kuna kivuli cha punje iliyobaki. Ikiwapo, ngoja mpaka kesho. Maji huongezwa mwishoni kabisa, tone kwa tone, mkono ukiwa umenyooshwa na uso ukiwa nyuma ya ngao.